Maswali 23, kutoka Posta hadi Songea

Jumatatu, Dar es Salaam

Kabla hatujatoka getini kwa ziara yetu ya wiki nzima ya makumbusho nimewagawia wanafunzi vijidaftari, kila mmoja na chake, 23 kwa jumla. Ukurasa wa kwanza kila mtu aandike swali moja analotaka kusafiri nalo. Majibu sijaomba. Hawa ni kidato cha tatu, na hadi wiki iliyopita Vita vya Maji Maji kwao vilikuwa sababu sita na matokeo matano ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Wameyakariri vizuri, na ndicho kinachoniuma.

Kuna darasa nililowahi kulipeleka kwenye makumbusho fulani, miaka imepita sasa. Aliyetupokea alitupitisha vyumba vyote ndani ya dakika 20, akitusomea vibao ambavyo watoto wangeweza kujisomea wenyewe. Binti mmoja aliponyoosha mkono akaambiwa, "Maswali mtamuuliza mwalimu wenu shuleni." Mkono ukashuka. Hata darasani sikuuona tena kwa muda mrefu, na mimi niliyekuwa nimesimama palepale sikusema neno. Safari hii nimeipanga nikiukumbuka mkono ule.

Saa tatu asubuhi tumeingia Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Jengo la kwanza hapa lilifunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Nimewasimamisha wanafunzi mbele yake nikawaomba wafikirie: mwaka ule, mtoto wa Kiafrika wa umri wao angeingia hapa kuangalia nini, na nani angemweleza? Hawakujibu. Wameandika.

Ndani tumepokewa na dada mmoja mwongozaji ambaye nitamkumbuka. Mbele ya nakala ya fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, hakuanza na tarehe. Alisema tu, "Yaangalieni meno. Mnadhani yalikuwa yanatafuna nini?" Wakaanza kubishana. Nyama. Karanga. Mizizi. Mmoja akasema nyasi, wenzake wakamcheka. Dada akawaacha wachoke ndipo akawaambia kwamba kwa muda mrefu hata wataalamu walidhani ni karanga na vitu vigumu, lakini uchunguzi wa kemia ya meno umeonyesha kwamba jamaa hawa walikula sana nyasi na mimea ya jamii ya matete. Yule wa nyasi alikaa wima kama amepewa zawadi. Baada ya hapo ndipo zikaja habari za Mary Leakey aliyeligundua, Olduvai, tarehe 17 Julai 1959, na miaka milioni 1.75, na zikaingia masikioni kirahisi kwa sababu zilikuta mahali pa kukaa.

"Huyu ni babu yetu?" aliuliza kijana mmoja.

"Ni wa ukoo wa pembeni. Tawi lake lilikatika."

Kisha kijana mwenye asili ya Lindi akauliza lile nililolitegemea: mjusi wetu yuko wapi? Mjusi wa Tendaguru, yaani yule dinosaria aliyechimbwa Lindi, yuko Berlin, katika Makumbusho ya Historia Asilia, amesimama urefu wa mita 13 na ushee. Wajerumani walichimba Tendaguru kuanzia 1909 hadi 1913, na zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa na wapagazi kwa miguu, mzigo kwa mzigo, hadi bandari ya Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Nimelitaja jina lake mara mbili makusudi. Binti mmoja mkimya, anayekaa dawati la mbele, akauliza wapagazi wenyewe majina yao yameandikwa wapi. Dada akamwambia, "Wengi hayajulikani." Nimemwona akirudi ukurasa wa kwanza wa kijidaftari chake, akafuta swali lake la asubuhi na kuandika jingine.

Bustanini tumepita kwenye kumbukumbu ya watu 11 waliouawa hapa jijini katika shambulio la bomu kwenye ubalozi wa Marekani, tarehe 7 Agosti 1998. Wanafunzi wangu hawakuwa wamezaliwa. Dereva wetu alikuwa mjini siku ile na aliusikia mshindo, lakini ametueleza baadaye, kwenye gari. Makumbusho hakuingia. Alibaki kwenye Coaster akisema hayo ni mambo ya wanafunzi na wazungu.

Jumanne, njiani

Tumeondoka saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni ya Kimara. Chalinze chai na chapati, Morogoro hatukusimama. Mikumi tembo wanne kando ya lami na makelele yasiyo na kifani. Ruaha Mbuyuni tumenunua vitunguu vya kuwapelekea wenyeji wetu Iringa, kisha Kitonga, ambako mlima wenyewe ulinyamazisha gari zima.

Kabla ya Iringa tumesimama Lugalo. Hapa ndipo jeshi la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lilipokivizia kikosi cha Kijerumani cha Emil von Zelewski tarehe 17 Agosti 1891 na kukivunja. Zelewski mwenyewe alikufa, pamoja na Wajerumani wenzake na askari wengi wa Kiafrika waliokuwa chini yao. Kuna mnara wa kuwakumbuka Zelewski na Wajerumani wenzake. Wanafunzi waliuzunguka wakisoma. Wahehe walioshinda vita hapa nao walipoteza watu. Binti wa dawati la mbele alinitazama tu, wala hakuuliza. Nilijua anachokiandika.

Jumatano, Kalenga na Iringa

Asubuhi Iringa ni baridi ya kuingia kwenye mifupa. Wanafunzi wamejifunza "Kamwene" kutoka kwa mama wa chai na wamemsalimia kila wanayekutana naye hadi Kalenga.

Nyumba ya makumbusho Kalenga ni ndogo. Mtu anayetoka Dar anaweza kuidharau kwa macho. Kuna mikuki, kuna ngao, na katika kisanduku cha kioo kuna fuvu la Mtwa Mkwawa.

Nilikuwa nimewaandaa wiki mbili. Nimewaambia haya si maonyesho, mnaingia kwa mtu. Wakavua kofia wenyewe. Hakuna aliyetoa simu.

Mwongozaji, mzee wa makamo aliyezungumza polepole, alianzia mwisho. Mkwawa alijipiga risasi Julai 1898 huko Mlambalasi asikamatwe akiwa hai. Wajerumani wakakikata kichwa na kukipeleka kwao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo ndani ya miezi 6. Nilikuwa nimewaletea kifungu chenyewe kwenye karatasi, na kijana mmoja alikisoma kwa sauti akakwama katikati.

"Madam, imeandikwa wakabidhi kwa serikali ya Mfalme wa Uingereza."

"Soma tena."

Akasoma tena. Wahehe hawakutajwa. Fuvu la babu yao lilidaiwa na mtu mwingine, kwa mtu mwingine, katika mkataba uliotiwa saini Ufaransa. Nimefundisha kifungu kile miaka yote hii nikisisitiza miezi 6 iliyogeuka kuwa miaka zaidi ya 30, na sikuwahi kusimama kwenye neno lile. Mtoto wa miaka 16 amenisimamisha.

Lililofuata ndilo kiini cha safari hii kwangu. Mzee alieleza kwamba Edward Twining, gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, ndiye aliyelifuatilia fuvu hadi kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, ambako yalikuwepo mafuvu mengi, na kwamba lilichaguliwa kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai. Tarehe 19 Juni 1954 likakabidhiwa hapa Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, yule ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Mkono ukanyooshwa. Nikaushika moyo wangu.

"Shikamoo babu. Sasa kama yalikuwa mengi, tunajuaje kwamba hili ni lake?"

Angeweza kukasirika. Angeweza kumwambia mtoto hana adabu, mbele ya kichwa cha Mtwa, na nusu ya darasa wangekubaliana naye. Alinyamaza kidogo, akakigusa kisanduku kwa vidole viwili, akasema, "Marahaba. Hilo swali na wasomi wanaliuliza. Wengine wanasema vipimo vile havitoshi kuthibitisha. Sisi tulilipokea, tukalizika mioyoni. Lakini wewe kaulize. Usome, uje utuambie."

Usome, uje utuambie. Tumekaa nje chini ya mti karibu saa nzima baada ya hapo, na kwa mara ya kwanza tangu niwafahamu wamebishana kuhusu ushahidi: kipimo kinathibitisha nini, imani ya watu ina uzito gani, na yale mafuvu mengine yaliyobaki Bremen yalikuwa ya akina nani. Hilo la mwisho ndilo lililowakaa. Maana kama Twining alichagua moja, mengine aliyaacha, na kila moja lilikuwa na mama yake.

Mtaala wetu unataka mwanafunzi "achambue". Neno hilo nimeliandika kwenye maandalio ya somo mara elfu. Leo nimeona linafananaje.

Mchana tumeenda Boma la Iringa, jengo la Wajerumani ambalo tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Ni pazuri, pana mpangilio, na wanafunzi walipenda kwamba mambo ya nyumbani, vyungu, vikapu na mavazi, yamepewa nafasi sawa na vita. Sitaandika mengi, vichwa vyao vilikuwa bado Kalenga, na changu pia.

Alhamisi, Iringa hadi Songea

Siku nzima barabarani. Mafinga, Makambako, kisha kushoto kuelekea Njombe, ambako tumekula viazi vya moto tumevishika kwa mikono miwili kwa sababu ya baridi ya mwezi huu wa sita. Baada ya hapo miteremko, Madaba, na joto likaanza kurudi taratibu.

Nimekaa mbele na dereva. Nilikuwa nikisoma maana mpya ya makumbusho iliyopitishwa na Baraza la Kimataifa la Makumbusho, mjini Prague, Agosti 2022. Inasema makumbusho ni taasisi ya kudumu inayoitumikia jamii bila kutafuta faida, iliyo wazi kwa umma na inayofikika na kila mtu, inayofanya kazi kwa kuishirikisha jamii. Nikamsomea dereva. Akasikiliza hadi mwisho, akabadilisha gia, akaniuliza, "Kwa hiyo hata mimi ninaruhusiwa kuingia?"

Siku nne nimekuwa naye. Nimemwacha nje ya kila mlango nikidhani amechagua mwenyewe. Kumbe kwao ni Namtumbo, Mngoni wa damu, na Songea tunakokwenda kujifunza ni kwao kabisa. Nikamwambia kesho tunaingia wote.

Ijumaa, Songea

Makumbusho ya Taifa ya Maji Maji. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa Songea viongozi na wapiganaji wa Kingoni, akiwemo Nkosi, yaani chifu, Mputa Gama. Mashujaa wanaokumbukwa hapa ni 67. Wapo 66 katika kaburi la pamoja, na Nduna, yaani jemadari, Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, ana kaburi lake peke yake. Familia yake inaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na hadi leo wanakidai.

Majina yameandikwa. Binti wa dawati la mbele aliyasoma yote, akisogeza kidole hewani mstari kwa mstari bila kugusa. Ilimchukua muda. Wenzake walishatangulia, nikawaashiria wamwache. Alipomaliza aliandika kitu kifupi, akanionyesha: "Hapa yapo."

Mwongozaji alikuwa kijana, mwepesi wa maneno, anaijua historia yake. Alieleza jinsi vita vilivyoanzia Umatumbini mwaka 1905 kwa watu kuchoshwa na mashamba ya pamba ya lazima, jinsi maji ya dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale, yaliyoaminiwa kuzuia risasi, yalivyosafiri kutoka Ngarambe hadi yakafika Ungoni, na jinsi yalivyoyaunganisha makabila ambayo kabla yake hayakuwa na sababu ya kupigana pamoja. Akafika kwenye njaa. Wajerumani walichoma maghala na mashamba, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa kwa yote hayo yanafika hadi 300,000.

Hapo dereva, aliyekuwa amesimama nyuma karibu na mlango, kofia mkononi, akakohoa. "Samahani. Naweza kuongeza neno?"

Mwongozaji angeweza kusema tusubiri amalize. Badala yake alipiga hatua mbili pembeni, akamwachia nafasi aliyokuwa amesimama yeye. "Karibu kaka, sema."

Dereva akasema bibi yake hakuwahi kutamka maneno "Vita vya Maji Maji". Alikuwa akisema tu "ile njaa". Alirithishwa na mama yake habari za watu walioingia porini kuchimba ming'oko, mizizi ya mwituni, na jinsi mama aliyekuwa na watoto watatu alivyolazimika kuamua nani ale kwanza. Nyumbani kwao, hadi yeye anakua, mtoto aliyemwaga unga chini alipigwa, hata unga kidogo, na hakuna aliyeeleza kwa nini. "Mimi nilidhani bibi ni mkali tu," alisema. "Leo nikiwa hapa ndio nimejumlisha."

Chumba kilikuwa kimya. Mwongozaji alitoa kalamu, akamwomba arudie habari ya unga, akaandika. Alimwuliza kijiji, alimwuliza jina la bibi, alimwuliza kama yupo ndugu mkubwa anayekumbuka zaidi. Dereva wetu, aliyebaki kwenye gari siku nne, alisimama pale akitoa ushahidi na mtumishi wa makumbusho akinakili, na watoto 23 wakitazama jinsi historia inavyokusanywa.

Nimeona makumbusho mengi yanayojivunia vitu. Kitu chenyewe bila mtu wa kukisemea ni mzigo mwingine tu uliobebwa kutoka mahali fulani. Wapo watu wazima mitaani, sokoni, kwenye vituo vya bodaboda, wenye vipande vya historia hii ambavyo havimo kwenye kabati lolote, nao wanapita nje ya ukuta wakidhani ndani ni kwa wageni. Kuwafuata hao ni kazi ya makumbusho sawasawa na kufuta vumbi kwenye vioo. Na kuwafundisha watoto wetu kuwasikiliza ni kazi ya shule, yaani yangu.

Tumeongea pia kuhusu Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliyekuja hapa tarehe 1 Novemba 2023, akakutana na wazao wa Songea Mbano na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Aliahidi juhudi za kukitafuta kichwa cha Nduna. Septemba ya mwaka huohuo wataalamu wa Berlin walitangaza kwamba vinasaba vimewaunganisha baadhi ya watu ambao mafuvu yao yamehifadhiwa kule na ndugu zao walio hai huku Tanzania, wa upande wa Kilimanjaro. Kijana wa Kalenga, yule wa "tunajuaje", akaruka kutoka kwenye kiti. Kama vinasaba vinaweza, basi na lile la Kalenga linaweza kupimwa! Mwenzake akamuuliza nani atoe ruhusa: serikali, makumbusho, au familia? Na wakikuta si lenyewe, je? Nimewaacha. Chakula cha mchana kilipoa.

Jioni wenyeji wametuchezea lizombe, ngoma ya Wangoni. Dereva ameingia katikati, viatu mkononi.

Jumamosi na Jumapili, kurudi

Tumelala Iringa, tumefika Dar usiku. Nimekusanya vijidaftari vyote na kuvisoma nikiwa kwenye gari. Maswali 19 kati ya 23 yamebadilishwa njiani. Mawili yamefutwa na kurudishwa yalivyokuwa. Mmoja ameandika barua kwa makumbusho ya Bremen, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, akiuliza mafuvu mengine yako wapi sasa. Tutaisahihisha pamoja na tutaituma.

Wiki tatu baadaye, darasani

Shule imefunguliwa. Pembeni mwa darasa, kwenye rafu iliyokuwa ya chaki, wanafunzi wameanza kuweka vitu kutoka kwao: redio ya mbao isiyolia, kibatari, kipande cha kanga chenye maandishi yaliyofifia, kadi ya TANU ya babu wa mtu. Sharti nililoweka ni moja, kila kitu kiwe na kibao na kibao kiandikwe na aliyekileta. Wamegundua haraka kwamba kuandika kibao ni kazi ngumu. "Redio ya zamani" imekataliwa na darasa zima: zamani lini, ya nani, ilisikiliza nini?

Binti wa dawati la mbele ameleta mbuzi ya kukunia nazi, kutoka Pangani kwa bibi yake. Meno yamelika, na kiti chake kimelainika kwa kukaliwa hadi kinang'aa. Kibao chake kimekwama siku tatu kwenye mstari mmoja. Ameandika ilikotoka, miaka iliyotumika, na nani aliitumia. Mstari wa aliyeichonga uko wazi.

Leo wakati wa mapumziko ameniomba simu. Tumeweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Aliyeichonga?" bibi amesema kutoka Pangani, kuku wakilia nyuma yake. "Mbona hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Subiri kidogo, nimwite dada yangu."